Kasisi Aliyewazika Maadui Zake

Jumatano, 5 Machi 2025. Majivu.

Iandikwe na ieleweke: kutoka Wembley mpaka wanapoishia watu wa London, hakuna mlipiza kisasi anayenifikia mimi. Nikiwa na miaka tisa, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nilimfanya karani wa mgao wa unga amwombe radhi mbuzi wetu, tena kwa kumtaja jina, mbele ya foleni nzima. Mbuzi alimsamehe. Mimi bado.

Sasa nina miaka ishirini, naitwa Aristote, na nimepata adui wa saizi yangu. Mzee Chaman. Mhindi Mkristo, mzaliwa wa Nakuru, miaka sabini na nane, koti la rangi ya ngamia, nywele zimemtoka masikioni kama mswaki uliochoka. Ni mzee wa kanisa hapa Mtakatifu Osyth, maana yake funguo zote zinalia kiunoni kwake, na mimi ninayefagia na kupanga viti namwomba ruhusa hata ya kuwasha hita.

Kosa lake ni hili. Sisi tunaosali kwa Kiswahili tuna saa yetu, saa nane mchana kila Jumapili, katika kanisa dogo lililo ubavuni mwa kanisa kubwa. Baada ya ibada tunakula. Jumapili iliyopita Mama alileta sombe, yaani kisamvu, na dagaa kwenye sufuria lake kubwa, lile lililopanda naye ndege mbili kutoka Kigoma. Akaliweka kwenye ngazi ya madhabahu, mahali pakavu. Bi Hilary wa baraza la parokia alikuwa mlangoni na simu yake, anapiga picha madirisha, sijui na nini. Tuko katikati ya wimbo wa mwisho, Mzee Chaman akaingia, akalibeba sufuria kwa mikono miwili, akatoka nalo, akalitua kando ya mapipa ya taka. Mvua inanyesha. Kifuniko kikaanguka, kikabiringika hadi barabarani, hakikuonekana tena. Hakusema neno. Watu arobaini waliona.

Mama alicheka. "Mwache mzee wa watu," akasema. Lakini kwenye basi alilipakata lile sufuria lililojaa maji ya mvua, kimya mpaka nyumbani, na mama yangu, Mama Placida, si mtu wa kunyamaza kwenye basi.

Leo Mama Kasisi Rosalind amenipaka majivu kwenye paji la uso, akaniambia mimi ni mavumbi. Sawa. Lakini ni yale yanayoingia machoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimefikiria kupaka sabuni ngazi za mnarani. Nimeacha. Ya kitoto.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu anacheka na mimi leo, hanicheki.

Kwenye sefu ya kanisa kuna daftari la ngozi la kasisi mmoja wa zamani, Stephen Vaucroix, aliyekuwa hapa miaka mia mbili na sabini iliyopita. Babu yake alikuwa Mfaransa, Mprotestanti, wale wanaoitwa Wahugenoti, waliokimbia nchi yao kwa sababu mfalme hakupenda wanavyosali. Mjukuu akawa kasisi wa Kiingereza kabisa, lakini daftari lake aliliandika kwa Kifaransa cha nyumbani, ili waumini wasijue anavyowasema. Namwelewa sana.

Mzee Chaman anatunga kijitabu cha maisha ya kasisi huyo, akisome kwenye mkutano mkuu wa parokia, Jumapili ya baada ya Pasaka. Kifaransa hajui. Na macho yanamwisha: anaona pembeni, katikati ni ukungu. Mama Kasisi akauliza kama kweli shule za kambini zilifundisha kwa Kifaransa. Nikasema zilifundisha, mtaala wa Kongo, mpaka darasa la sita nilipoachia, na fimbo moja kwa kila kosa. Nikasema nakisoma kama maji. Ukweli nakisoma kama uji, lakini nakisoma.

Mzee akanitazama kwa ubavu wa jicho. "Hii kijana? Iko soma Kifaransa?"

"Iko soma, Mzee."

"Basi wewe soma, ambia mimi kwa Kiswahili. Mimi iko rekodi kwa simu, halafu mimi geuza Kiingereza nyumbani. Kiingereza yako mbaya. Kiswahili yangu safi."

Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi. Yaani adui mwenyewe amenikabidhi ulimi wake.

Jumanne, 11 Machi

Vaucroix ni mtu wangu. Babu yake, mtengeneza kofia wa Nîmes, alivuka bahari amelala chini ya magunia ya chumvi. Yeye alizaliwa Spitalfields, chumba kimoja watu tisa, akasoma Oxford kwa kuwaoshea sahani wanafunzi wenye baba zao. Akawa kasisi msaidizi: parokia ya kwanza miaka saba, ya pili tisa, ya tatu sita. Kila nafasi ya ukasisi kamili ikifunguka, anapewa mpwa wa mtu. Yeye anaambiwa lafudhi yake inanuka kitunguu saumu. Na amezaliwa hapahapa.

Nilimsomea Mzee haya yote sawasawa, ili anizoee. Halafu nikaweka moja yangu. Palipoandikwa kwamba alihubiri siku ya Pasaka na watu wakatulia, mimi nikasoma kwamba bata bukini aliingia kanisani, akapanda mimbarani, na Vaucroix akamwachia amalizie mahubiri.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Bukini! Hii watu ya Kiingereza napenda sana."

Cheka, Mzee. Siku ya mkutano, tarehe 27 Aprili, watacheka wao.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimempa Vaucroix nguruwe anayejua zaburi. Amepita bila kuulizwa.

Jumanne, 18 Machi

Nimegundua kwa nini daftari hili lilifungiwa kwenye sefu. Alipopata parokia yake hatimaye, umri miaka arobaini na sita, aliorodhesha kila aliyemdharau. Majina kumi na saba. Hakumgusa hata mmoja. Alisubiri tu. Yeye ni kasisi, wao ni waumini au majirani, na wote siku moja watakufa, na nani atawazika? Anaandika: "Leo nimemzika Bwana Tufnell, aliyesema mezani kwake kwamba sauti yangu ni ya muuza samaki. Nimesoma ibada yote bila kuruka neno. Familia ilitetemeka kwa baridi. Mimi nilivaa soksi mbili." Kisha mstari juu ya jina.

Nilibaki nimelishika daftari. Mtu huyu alifanya kisasi kuwa kazi, tena akavaa kanzu nyeupe.

"Nini iko hapo?" Mzee akauliza. "Kwa nini wewe kimya?"

"Anazika watu, Mzee."

"Kasisi iko kazi yake hiyo. Endelea. Iko habari ya kanisa dogo? Nani najenga, kwa nini najenga?"

"Bado sijafika."

"Ukifika, ambia mimi. Kanisa dogo tu. Hii ingine yote ni masala."

Ijumaa, 21 Machi

Ameuliza tena kuhusu kanisa dogo. Mara tatu.

Jumapili, 23 Machi

Sasa najua. Baraza linataka kuligeuza kanisa letu dogo kuwa mkahawa. Kahawa, keki, viti vya watoto. Litapigiwa kura siku ileile ya mkutano, 27 Aprili. Watu wetu wamesimama nje baada ya ibada wakinong'ona, na kila mmoja alikuwa na jina moja mdomoni.

"Si ni yule mwenye funguo," alisema Mwanabaraka, ambaye ni Mwislamu wa Mombasa na huja kwa ajili ya chakula cha Mama tu, lakini akija anakuja na maoni. "Kaanza na sufuria, atamaliza na nyie."

Mama akasema hatuna ushahidi. Dada yangu Plamedi, ana miaka kumi na mmoja na Kiswahili anakisikia tu, akajibu kwa Kiingereza kwamba ushahidi upo, ni sufuria. Huyu mtoto atafika mbali.

Kumbe ndiyo maana anauliza. Anatafuta kwenye daftari neno la kututolea.

Jumanne, 25 Machi

Bukini amerudi, na mkewe.

Jumanne, 1 Aprili

Leo naandika yote, mkono unaniuma.

Nilifika dakika ishirini kabla ya Mzee, nikafungua mbele kidogo, na nikaukuta ukurasa wenyewe. Mwaka 1756. Mwandiko wake umebadilika, umenyooka kama mtu aliyevaa nguo ya sikukuu. Maneno marefu ya kisheria, niliyatafuna moja moja kama mtoto anayeota meno. Unasema hivi:

"Kanisa dogo la upande wa kaskazini nimelijenga kwa urithi wa mama yangu, ili wageni wa lugha yoyote, wasio na nyumba ya kusalia, wasali humo kwa lugha yao. Asiwepo mtu wa kuwatoa maadamu kanisa hili limesimama. Babu yangu alisali miaka mitatu kwenye ghala la makaa ya mawe na kutoka na magoti meusi." Na chini, kwa wino mwingine, sahihi ya askofu na muhuri wake, kwa kuwa, anaeleza Vaucroix, baba askofu alikuwa na haraka na hapakuwa na karatasi nyingine.

Huu ndio ukurasa wetu. Na nikamsikia Mzee anakuja, funguo zinalia kwenye ujia wa mawe, na nikawaza: mtu aliyeliweka sufuria la mama yangu mvuani atashindwa kuchoma karatasi?

Nikauchana. Haukutoa sauti kubwa. Nikauweka ndani ya koti la kibarua changu cha uwanjani Wembley, lile la njano.

Akakaa. Akawasha simu. "Leo iko kanisa dogo?"

"Iko, Mzee."

Akaweka mikono yote miwili mezani. Sijawahi kumwona anasikiliza vile, kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Anasema alilijenga kwa ajili ya farasi wake jike," nikasoma. "Farasi alikuwa na kikohozi. Akajenga banda zuri la mawe, upande wa kaskazini, na dirisha moja la rangi ili asichoke kuangalia ukuta. Farasi alipokufa, wakaweka madhabahu."

"Farasi."

"Farasi jike, Mzee. Jina lake Charlotte."

Akazima simu. Halafu akasema, "Soma tena," nikasoma tena, na safari hii nikamwongezea Charlotte blanketi.

Nimefurahi. Naandika hapa kwamba nimefurahi.

Ijumaa, 4 Aprili

"Iko ukurasa ingine? Baada ya farasi?"

"Hakuna, Mzee."

Jumanne, 8 Aprili

Mzee kaleta chevdo, ule mchanganyiko wa Kihindi wa dengu na karanga, kwenye kopo la biskuti. Nilikula nusu kopo, kisasi hakinizuii kula. Akaanza kusimulia, sikumwuliza. Baba yake aliuza vipuri vya baiskeli Nakuru. Walikuja hapa mwaka sitini na nane, wakatafuta kanisa huko Harrow, wakapokelewa vizuri sana, wakaonyeshwa viti vyao: nyuma ya nguzo.

"Miaka kumi na moja mimi naangalia nguzo," alisema. "Kasisi mimi najua sauti tu. Siku moja nakutana yeye dukani, nasema, huyu nani?"

Nilicheka. Halafu nikakumbuka mvua ndani ya sufuria, nikaacha kucheka, nikampa Vaucroix tumbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Kurasa za mwisho. Vaucroix amemzika wa kumi na saba. Anaandika: "Orodha imekwisha. Nimerudi nyumbani. Hakukuwa na wa kumwambia. Supu haikuwa na chumvi." Halafu karatasi tupu.

Nilitegemea kitu kikubwa zaidi kwa mtu aliyesubiri miaka yote hiyo. Labda alikuwa amechoka.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi.

Mvua. Leo hakuna la kuandika.

Jumanne, 15 Aprili

Mzee alitaka nimrudie kurasa kadhaa. Sikwenda. Nimesema naumwa tumbo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Tulikuwa tisini, wengine walikaa sakafuni. Mwishoni Mzee Chaman akatokea mlangoni amekumbatia kitu kwenye mfuko wa plastiki. Watu wote wakageukia sufuria. Mama akalishika mshikio.

Akatoa kifuniko. Kipya, kinang'aa, na karatasi ya bei bado imeganda juu yake.

"Mama Ari," akasema, "mimi nimepima kwa macho. Macho yangu wewe najua."

Kilikuwa kidogo. Kilitumbukia ndani ya sufuria, kikaelea juu ya sombe. Mama alicheka, cheko lake lenyewe, lile la kwenye basi siku za kawaida. Akamjazia sahani, akamkalisha mbele kabisa, hakuna nguzo. Mzee akala dagaa na vichwa vyake.

Mimi nilitoka nje kukunja viti ambavyo havikuhitaji kukunjwa.

Jumapili, 27 Aprili

Nilisema nitalipiza, nimelipiza. Nani London atanipinga?

Watu kama sitini kwenye kanisa kubwa, na mjumbe wa askofu kwenye meza ya mbele. Mzee alivaa tai. Alisoma kijitabu chake kwa kukumbuka, karatasi ameishika kichwa chini. Ukimbizi, sahani za Oxford, miaka ishirini na miwili ya kusubiri: watu walisikiliza hadi hita ikasikika. Halafu bukini. Kicheko kidogo. Nguruwe wa zaburi. Kicheko kikubwa. Mwanamke mmoja wa mstari wa pili, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, akainuka akaenda kwenye meza ya mbele, akafungua daftari la Vaucroix lililokuwa pale, akaanza kupekua.

"Bwana Chaman," akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi, "hapa hakuna bata bukini. Wala nguruwe. Umeyatoa wapi?"

Mimi nilikuwa nyuma, kando ya rundo la viti.

Mzee aligeuza kichwa pole pole, upande, jinsi anavyofanya ili aone. Akanipata. Nikasubiri anitaje. Nilikuwa na jibu tayari, jibu kali, la sufuria.

"Nilisikia vibaya," akasema kwa Kiingereza chake kizuri. "Kijana alisoma sawasawa. Macho yangu yameisha, na masikio yanayafuata. Makosa ni yangu."

Akaja kwenye hoja ya kanisa dogo. Alisimama kulitetea. Yeye. Alisema watu wanaosali pale saa nane hawana pengine pa kwenda, na kwamba yeye anajua maana ya kuketi nyuma ya nguzo. Bi Hilary akauliza kama muasisi mwenyewe aliacha neno lolote. Mzee, kwa kuwa hawezi kusema uongo wa kujisaidia mwenyewe, akasema: "Inasemekana lilikuwa banda la farasi."

Walicheka hadi wakashikana mabega. "Basi kutoka banda hadi mkahawa," mtu akasema, "ni kupanda cheo." Kura arobaini na nne kwa kumi na tano, mkahawa ukapita.

Mzee akafungua mkanda, akavua funguo zote, akaziweka mbele ya Mama Kasisi. Suruali ikalegea kidogo. Akaishika kwa mkono mmoja, akatoka.

Ukurasa ulikuwa kwenye koti langu. Koti lilikuwa mwilini.

Jumapili, 4 Mei

Tumesali kwenye ukumbi wa shule, Queensbury. Sakafu ina mistari ya mpira wa kikapu. Mama amesema pana nafasi nzuri ya watoto. Mzee Chaman hakuonekana kanisa lolote.

Ijumaa, 9 Mei

Viti vya kanisa dogo vimebebwa, mimi ndiye niliyevibeba. Jioni nimempelekea Mama Kasisi ukurasa. Nimemwambia yote, bukini, Charlotte, kuchana. Ameusoma muhuri kwa kidole.

"Aristote, ulituambia farasi. Leo unatuambia wageni. Na karatasi imetoka mfukoni mwako."

"Ndiyo, Mama Kasisi."

"Nitaupeleka kwa wataalamu. Inaweza kuchukua mwaka. Mkahawa unafunguliwa Julai." Halafu akauliza, "Kwa nini hukuuonyesha siku ya mkutano?"

Nimesema sikujua Mzee yuko upande wetu. Nimesema niliposikia anatutetea nilishtuka, kura ikapita. Amenitazama kama anayetaka kuniamini. Akasema basi ilikuwa kutoelewana.

Jumapili, 11 Mei

Mama amekipeleka kile kifuniko kwa Mzee Chaman, amekiweka juu ya bakuli la sombe, kinalifunika barabara. Amerudi, anasema mzee amefungua mlango, akapokea, akauliza mimi naendeleaje na tumbo.

Nimerudi nyuma kwenye daftari hili hadi tarehe 13 Aprili. Matawi. Nimeandika hakuna la kuandika. Nyuma yake ningeweza kuandika kurasa kumi.

Siku hiyo, baada ya ibada, Mzee alinikuta nafagia majani ya mitende. Akaketi kwenye ngazi ya madhabahu ya kanisa dogo, palepale lilipokuwa sufuria, akaniambia kila kitu. Kwamba Bi Hilary alikuwa anapiga picha chakula juu ya ngazi ya madhabahu ili kulionyesha baraza jinsi tunavyolichafua kanisa, na yeye hakuwa na muda wa kueleza, alikimbiza sufuria ili Bi Hilary asilipate kwenye picha. Kwamba ameshindwa kumwomba Mama radhi, "mdomo nakataa." Kwamba mjumbe wa askofu amemwambia neno la muasisi pekee ndilo linaloweza kuzuia kura. Ndiyo maana alikuwa anauliza. Alisema haya yote bila kunitazama, maana akimtazama mtu usoni hamwoni.

Halafu akauliza mara ya mwisho. "Kijana. Una hakika, hakuna kitu ingine pale?"

Nilikuwa nimevaa koti la njano. Nilisikia karatasi kifuani nilipoinama na ufagio. Nilishaelewa yote, kila neno, sikukosa hata moja. Lakini ningelazimika kusema kwamba mimi, Aristote, nilikosea mtu.

"Farasi, Mzee," nikamwambia. "Ni farasi tu."